Lugha ya Mama

Chumba cha Maduhu kiko Kirumba, juu kidogo,
kimeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba.
Jiwe halilipi kodi. Sisi tunalipa,
kwa nusu saa, intaneti humo humo.

Jumamosi ile ilikuwa nusu fainali.
Jina langu la vitani: Sangara Mkuu.
Lake: Furu wa Igombe.
Tulicheka, wote sita nyuma ya kiti changu,
maana nani ziwani hajui
sangara alimfanya nini furu.

Furu akafunga dakika ya nane.
Akafunga tena kabla sijameza mate.

Basi nikaanza.
Nikamwambia miguu yake ni ya kukanyagia dagaa.
Akacheka, nilimsikia,
maana huo ni utani, na utani una mlango wa kutokea.
Kwetu wacheza ngoma husutana hadi jua lizame,
huyu Mgika, yule Mgalu,
ngoma yako imewambwa ngozi ya panya,
na kesho wanagawana kiti msibani.
Mtani akikusema, ujue ndiye
atakayeshika jembe siku ya kukuzika.

Mimi sikuwa na jembe.
Nilikuwa na mabao mawili kifuani.

Nikaandika tusi la Kiswahili.
Mashine ikalifuta, ikaweka nyota.
Nikaandika jingine. Nyota.
Skrini ikawa mbingu ya kiangazi,
na Furu, ambaye hakuona kitu, akapiga kona.

Ndipo Shija akaninong'oneza:
mashine haijui Kisukuma.

Kweli haijui.
Nikafungua kipaza sauti,
nikalitamka lile neno, zima, na mizizi yake,
neno la mama yake,
kwa lugha niliyoinyonya kwa mama yangu.
Halikupata nyota hata moja.
Lilipita kama nyoka kwenye mpunga.

Wenzangu wakapiga meza.
Upande wa pili, kimya.
Halafu, kwa kuwa hakuzima kipaza chake,
nikasikia sufuria ikifunikwa,
kikohozi,
na sauti ya mwanamke, karibu, bila hasira:
"Ng'wanone, nani huyo anayenitaja?"

Hakumjibu. Au alijibu kwa kutikisa kichwa,
sijui, spika hazileti kichwa.

Dakika ya sabini na moja Luku ikaisha.
Maduhu alitafuta simu, akatafuta salio,
akakosea namba mara mbili gizani.
Furu angeweza kudai ushindi; kitufe kipo,
chekundu, kikubwa kama sahani.
Tuliporudi, mpira ulikuwa miguuni mwa kipa wake.
Kipa amesimama.
Wachezaji wote ishirini na wawili wamesimama
kama watu wanaosubiri mgonjwa atoke kwa daktari.

Akanifunga la tatu, na alistahili.
Kisha akaandika:
"Mchezo mwema. Umeme umerudi kwenu?"

Nilitaka kumjibu pale pale.
"Samahani" ya Kiswahili niliiona nyepesi,
hiyo huwa namwambia mtu niliyemkanyaga sokoni.
Nilimjeruhi kwa Kisukuma, nimtibu kwa Kisukuma.
Nikatafuta.
Nina mwangaluka, nina mwadila,
nina majina ya ng'ombe wa babu niliyemwona mara mbili,
nina tusi lile, kamili, halina kutu.
Neno la kuomba radhi sina.
Shija naye hana. Maduhu hana.
Sita tulikuwa, na hatukuwa nalo.

Nimefika nyumbani saa nne.
Mama yuko uani anaparua sato wa kuuza kesho.
Mwadila, mayu.
Ameitika bila kuinua macho.
Nimemuuliza, kama mtu anayeulizia chumvi:
samahani, kwa Kisukuma, husemwaje?

Kisu kimesimama.
"Umemkosea nani?"

Magamba yamemganda mikononi hadi viwiko,
yanameta chini ya taa, nyota nyota,
na ameinua uso ananisubiri.